Maziwa Yaliyopotea Karuba

Emérita Nzabandora alisafiri siku mbili nyuma ya pikipiki, akala matope mpaka kwenye meno, ili aje kutazama rafu tupu.

Rafu hizo zilikuwa katika duka la kampuni ya Maziwa ya Vilima, pale Mubi, kati ya mtu anayeuza sepetu za wachimbaji na mwingine anayeuza minyororo ya pikipiki. Msimamizi wa duka alikuwa Symphorien, mzaliwa wa msitu wa Walikale, mkulima wa mihogo na mwindaji, mtu wa sauti ya upole. Alifungua kila mlango bila kuombwa mara ya pili: ghala, chumba chake cha kulala, hata sanduku la vitenge vya mke wake. Emérita alipiga magoti akanusa mbao. Harufu ya jibini ilikuwa hafifu, ya siku nyingi.

"Fromaje ya mwisho ilifika wakati gani, Papa Symphorien?"

"Juma ilipita. Iliisha siku ileile. Batu ya mugodi banaipenda sana, inakaa bila kuoza."

"Na ile inapitiaka mulango ya nyuma?"

Symphorien hakukasirika. Alifunga sanduku la mke wake taratibu. "Mama Inspecteur, kama muntu analeta fromaje ya wizi hapa Mubi, mi njo wa kwanza kujua, juu atanivunjia bei. Zunguka mu maduka yote. Ukipata hata kipande moja, unifunge mimi."

Emérita hakumwambia kwamba alikwisha kuzunguka. Tangu jana alikuwa amekula katika vibanda vyote vya Mubi, ameongea na madereva wa malori yaliyokwama na wanawake wanaowapikia, na kitu pekee alichopata ni tumbo kuuma. Jibini ya Masisi haikuingia Mubi ila kwa mlango huu.

Jambo lilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa na programu ya bajeti, ile inayopokea hesabu za mifugo na kutabiri maziwa, jibini, mafuta ya gari na mishahara ya mwaka mzima. Mwaka huu programu ilitabiri kwamba kilima cha Karuba, huko Masisi, kitatoa maziwa mengi kuliko wakati wowote. Karuba ikatoa kama nusu tu. Mkurugenzi Habineza, mtu anayependa majibu ya haraka, alisema maziwa yanaibwa, akamfungisha Déo, kijana mwenye mke na watoto anayekusanya maziwa ya Karuba kila asubuhi. Tena akaomba kampuni inunue toleo jipya la programu, linalofuata kila bidoni ya kubebea maziwa kutoka kwa ng'ombe mpaka dukani, ili mwizi asipate tena pa kujificha. Baraza la wanahisa likagawanyika. Mwishowe likamwita Emérita, aliyewahi kuwa mpelelezi wa serikali mpaka alipochoka kungoja mshahara usiofika. Akithibitisha wizi, toleo jipya litanunuliwa, na Déo atapelekwa mjini kuhukumiwa. Asipothibitisha, aseme maziwa yalikwenda wapi. Baraza lilikuwa likutane Alhamisi katika makao makuu, Lushebere, na gari la kumchukua Déo lilikuwa lije siku hiyohiyo.

Mwizi wa maziwa mengi namna ile hawezi kuyanywa. Itabidi ayagandishe awe na jibini, na jibini itabidi iliwe mahali. Emérita aliitegemea Mubi, na Mubi ikamwangusha. Alikuwa anafunga koti lake la mvua alipouliza swali la mwisho, lile la kuaga tu.

"Ukiandika commande yako ya mwezi, unaomba fromaje ngapi?"

"Mara mbili ya ile ninauzisha."

"Mara mbili? Juu ya nini?"

"Juu ofisi ya Lushebere banatumaka nusu ya ile unaomba," alisema Symphorien kama anayemweleza mgeni njia ya mtoni. "Ukiomba ile unahitaji, unapata nusu yake. Ukiomba mara mbili, unapata ile unahitaji. Kila chef wa duka iko anafanya vile."

Emérita alicheka. Alikuwa amekwisha kupanda pikipiki ndipo kicheko kilipomwisha, na njia nzima ya kurudi, kwenye kila dimbwi, neno lile lilikuwa linamsumbua.

Kasho ya Masisi ilikuwa chumba kimoja cha mahabusu chenye dirisha la chuma. Polisi wa zamu alimtoa Déo nje, akawaachia benchi juani. Déo alikuwa amekonda, lakini shati lake lilikuwa limefuliwa. Mke wake alikuwa akija kila siku kutoka Karuba.

Emérita hakupoteza muda kwa pole nyingi. "Kuko muntu alikuona. Asubuhi moja, nyuma ya nyumba, unamwanga maziwa ya kampuni mu kibido ya njano ya muntu."

"Ni kweli."

"Ya nani?"

"Sitasema, mama."

"Déo, Alhamisi gari inakuya."

"Najua." Alitazama mikono yake. "Ile maziwa ilikuwa na maji. Lactomètre, ile ya kupimia maziwa, ilionyesha. Sheria inasema niimwange mbele ya batu yote. Ule muzee angekosa pa kupitia mu kijiji. Nilimurudishia nyuma ya nyumba, nikamuambia asirudie tena. Hajarudia. Sasa nimutaje juu ya nini?"

Emérita alimtazama. Alikuwa ameketi mbele ya wezi wengi, na wezi humtaja mtu hata kabla hujawauliza. Alijisikia anaanza kumpenda kijana huyu, akaona ni hatari, akarudi kwenye kazi.

"Bidoni zako za aluminium. Mwaka huu uliomba ingine?"

"Niombe za nini? Zile niko nazo zinaenea."

"Zilijaa?"

"Kila asubuhi zinajaa vilevile kama mwaka ulipita. Kitu mupya ya mwaka hii ilikuwa chanjo tu. Kuko dawa ya ng'ombe ilikuya, na dawa inapimwa kwa hesabu. Nilipita mulango kwa mulango, nikabembeleza bazee basema ng'ombe ngapi. Balisema. Muntu moya tu alikataa."

"Nani?"

Déo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Papa Directeur mwenyewe. Ng'ombe zake ziko Karuba. Alicheka tu, akaniambia, 'Andika ile unaona.' Sikuandika kitu."

Emérita aliliweka hilo akilini karibu na neno la Symphorien, ingawa hakujua bado kwa nini yanakaa pamoja. Alichojua ni habari ya bidoni. Mtu anayeiba maziwa kutoka kwenye bidoni za kampuni hufikisha bidoni nusu tupu, au huziongezea maji. Bidoni za Déo zilifika zimejaa, na maziwa yalikuwa safi. Ili aibe kiasi kile, ilimbidi awe na bidoni nyingine kama zile, na ng'ombe wengine wa kuzijaza.

Njiani kwenda Karuba alisimama soko la Mushaki. Wanawake wanaouza maziwa kwa kikombe walikuwa watatu, wamekaa chini ya turubai moja kwa sababu ya mvua.

"Maziwa imeshuka bei?" aliuliza.

Walimcheka vibaya. "Ishuke? Mama, unatoka wapi? Imepanda. Njoo ununue mbele ipande tena."

Alinunua kikombe, akanywa amesimama. Kama maziwa ya wizi yangekuwa yanamwagika kwenye vilima hivi, bei ingekuwa imeanguka na wanawake hawa wangekuwa wanalia. Kwa hiyo maziwa hayakwenda Mubi, wala Mushaki, wala katika tumbo la mtu yeyote. Rohoni mwake Emérita aliona hasira, ile hasira nzuri ya kazi. Maziwa hayawezi kuwa yametoka kwenye chuchu yakapotea hewani, na yeye hakukubali kurudi Lushebere na jibu la namna hiyo.

Mzee Nizeyimana alikuwa na zizi la mwisho kabisa juu ya Karuba, mahali ambapo ukungu unakaa mpaka mchana. Alimkaribisha vizuri, mke wake akaleta maziwa ya mgando. Emérita alizaliwa kwenye nyumba ya wakulima wa maharage, upande wa pili wa Masisi, na hakuwahi kufuga hata mbuzi. Kwa hiyo aliuliza kama anavyouliza mkulima.

"Papa, uko na ng'ombe ngapi?"

Mzee aligeuza uso. Alitazama nje, kana kwamba kuna mtu anayemwita. Mke wake alifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakatikisika kwa kicheko.

"Nimesema kitu mubaya?"

"Hapana, binti wangu," alisema mwanamke. "Haujue tu. Muntu haulizake vile. Ni sawa unamuuliza atakufa siku gani."

"Ng'ombe haiesabiwake mbele ya bageni," alisema Nizeyimana. "Unaziitia mabaya. Bakiuliza, unasema kadogo. Baba yangu alikuwa anasema nusu. Mi pia nasema nusu."

"Ata kwa kampuni?"

"Kampuni njo zaidi. Kila mwaka nusu. Bote bako banajua, ata ule mama wa ofisi ya hapa chini anajua. Hakuna muntu alidanganyiwa."

Emérita aliweka kikombe chini. "Na mwaka hii, Déo alipokuya?"

Mzee alimgeukia. "Déo nilimuambia kweli. Alisema dawa iko inapimwa; ukificha ng'ombe, ile umeficha inakufa bila chanjo. Alikaa pale umekaa. Hakucheka, hakunisukuma. Nilikuwa na woga, lakini nilimuambia yote. Na bajirani pia balimuambia." Sauti yake ilipanda. "Sasa bamemufunga. Mi naona ni sisi tulimuletea mabaya, juu tulizitaja."

"Papa, siyo ng'ombe zilimuletea mabaya," alisema Emérita, akasimama. Sasa alijua anatafuta nini, na alijua ni nani wa kuuliza. Alishuka kile kilima mbiombio, akiteleza kwenye matope, bila hata kuaga kama inavyopaswa.

Ule mama wa ofisi ya chini alikuwa Pétronille, mkuu wa kituo cha Karuba, anayepokea hesabu za Déo na kuzipeleka makao makuu. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyekulia katika zizi. Emérita alimkuta anaosha tangi la maziwa.

"Mama Pétronille, Déo alipokuletea hesabu ya ng'ombe, ulizituma vile?"

"Vile vile? Aa-a! Nilizitengeneza mbele."

"Kuzitengeneza ni kuongeza?"

"Haiko kuongeza, ni kurudisha." Pétronille aliinua brashi yake, akaeleza kwa fahari ya mtu anayejua kazi. "Déo iko kijana wa baba mwalimu, bazee banamudanganya. Mi nimekomea mu ng'ombe. Akileta kumi, najua ni makumi mbili. Kila mwaka nafanya vile, na kila mwaka budget inatoka muzuri. Muulize Directeur."

"Uliuliza Déo kama mwaka hii bazee balisema kweli?"

Brashi ilisimama. Povu likatiririka mpaka kwenye kiwiko chake.

"Ile chanjo," alisema taratibu. "Yesu wangu. Balisema yote?"

"Balisema yote."

Pétronille alikaa chini kwenye ukingo wa saruji. Baadaye alisema anataka kwenda kasho sasa hivi kuomba msamaha. Emérita alimwambia aje Lushebere Alhamisi, itasaidia zaidi.

Makao makuu ya kampuni yalikuwa Lushebere, nyumba ya mbao yenye paneli za jua, si mbali na kambi ya wakimbizi. Elodie, mpangaji wa bajeti, ndiye aliyekaa mbele ya ile programu siku nzima. Alikuwa binti nadhifu wa chuo kikuu, na tangu Déo afungwe alikuwa hapati usingizi, maana watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba labda naye alikula na mwizi. Emérita alimwomba amwonyeshe jinsi hesabu za Karuba zilivyoingia.

"Zilitoka kwa Pétronille," alisema Elodie. "Niliweka correction yangu, nikaingiza."

"Correction gani?"

"Pétronille ni mutoto wa bafugaji, mama. Bafugaji banalindana. Nawekaka kidogo juu yake, kufidia." Aliona uso wa Emérita, akaharakisha. "Kadogo tu! Na Papa Directeur pia anaongezaka yake mbele ya kufunga budget. Anasemaka batu ya Karuba anabajua, ni ndugu zake."

"Na Directeur anajua kama wewe uliongeza?"

"Sijue. Hajaniuliza."

"Na wewe ulijua kama Pétronille anazidishaka mara mbili?"

Elodie alitikisa kichwa polepole. Alikuwa mwepesi wa akili, hakuhitaji kuelezwa. Alitazama mashine yake, akatazama dirishani, kwenye njia inayopanda kwenda Masisi na kasho yake, na macho yakamjaa machozi.

"Mama Inspecteur, ile maziwa haikukuwako tangu mwanzo."

"Usiseme kwa muntu mpaka Alhamisi," alisema Emérita. "Nikisema tu, Directeur atabisha mpaka jua inashuka. Nataka aone na macho yake."

Alhamisi asubuhi baraza lilikaa kuzunguka meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Mama Adelaïde, mjane mwenye malisho makubwa na subira ndogo. Habineza alikuwa amevaa suti. Mbele yake kulikuwa na karatasi za muuzaji wa programu, zenye picha za rangi. Alizungumza vizuri, ni lazima isemwe. Alieleza kwamba toleo la zamani halionyeshi ni nani aliyebadilisha hesabu, ilhali jipya linaonyesha jina la kila aliyegusa, na kila bidoni itakuwa na namba yake. Alieleza kwamba kampuni isiyojua maziwa yake iko wapi inakufa.

"Hapo niko pamoja na wewe, Papa Directeur," alisema Emérita. "Baraza inipe muda kadogo. Nataka tufanye budget hapa hapa, bila mashine. Budget ya kundi moja tu." Akamgeukia. "Uko na ng'ombe ngapi?"

Meza nzima iliguna. Mzee mmoja alijifanya anakohoa. Habineza akawa mwekundu machoni.

"Hii ni swali gani?"

"Nisemee mu sikio. Batasikia ya mwisho tu."

Alisita, akatazama Mama Adelaïde, ambaye alipenda mchezo huu kuliko alivyotaka kuonyesha. Mwishowe aliinama akanong'ona. Emérita alikwenda kwa Mama Adelaïde, akamnong'oneza kwamba mfugaji mmoja ametaja hesabu hii. Kwa ajili ya bajeti, yeye ataandika ngapi? Mama Adelaïde alicheka puani, akanong'ona jibu. Emérita akalipeleka sikio la pili, akauliza vilevile. Hivyo alizunguka meza, sikio kwa sikio, mpaka kwa Pétronille, na mwisho kwa Elodie, aliyekwisha kuelewa. Elodie alifanya kama alivyozoea kufanya, akanong'ona jibu lake.

Emérita alirudi mahali pake. "Budget ya maziwa ya Papa Directeur imefungwa. Mwaka hii iko na ng'ombe mia mbili."

Kicheko kilipasuka. Hata yule mzee aliyekohoa alijipiga paja. Ng'ombe mia mbili wasingeenea kwenye kile kilima hata wakisimama kama watu kanisani siku ya Noeli.

"Maziwa yao yote tunaingoja hapa kesho asubuhi," aliendelea Emérita, bila kucheka. "Tumekwisha kuihesabu. Tumeahidi fromaje Mubi, na Mubi pia baliomba mara mbili, juu banajua tunatumaka nusu. Kama maziwa haifike, tutasema nini? Tutasema muchungaji wake ni mwizi. Tutamufunga."

Kicheko kiliisha kama moto uliomwagiwa maji. Mama Adelaïde alikuwa wa kwanza kuelewa, na uso wake ukabadilika.

"Karuba," alisema.

"Ndiyo, mama. Miaka yote bazee balikuwa banasema nusu, na Mama Pétronille anarudisha nusu. Ilikuwa inaenda karibu sawa. Mwaka hii Déo alibaomba kweli, juu ya chanjo, na balimupatia kweli. Mama Pétronille akazidisha ile kweli mara mbili. Elodie akaweka yake. Papa Directeur akaweka yake. Hakuna moya aliiba, hakuna moya aliuliza mwenzake. Nimetafuta ile maziwa mpaka Mubi. Haiko popote."

Pétronille alikuwa analia wazi. Mama Adelaïde alimgeukia Habineza, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa utani hata katika huzuni, alimuuliza, "Sasa tuko sisi kwa sisi, Directeur. Mu sikio ya Mama Inspecteur ulisema ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Eh, Habineza! Kundi yote ya baba yako? Sema kweli."

"Ni kweli."

"Kumi na mbili! Mi nilisema makumi mbili na tano, na nilikuwa nakuonea huruma."

Watu wawili walitabasamu. Habineza hakutabasamu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ni kweli, mama," alisema tena, na sauti yake haikuwa ya mkurugenzi. "Mwaka tulikimbia, batu ya bunduki balichukua zingine usiku moya. Ndama pia. Zilibaki kumi na mbili. Sikumuambia muntu. Nilikuwa nasikia haya. Leo njo nasema mara ya kwanza, na... munaona? Hamunisadiki."

Emérita alimwonea huruma, huruma ya kweli, naye hakuwa mtu wa kuwahurumia wakurugenzi.

"Ni vile ilimupata Déo," alisema Habineza mwishowe.

"Njo vile," alisema Emérita.

Mama Adelaïde alivuta zile karatasi za rangi, akazigeuza juu chini. "Na hii logiciel mupya? Unatushauri nini? Njo kazi tulikupa."

"Iko na kitu muzuri, sitadanganya. Itaonyesha jina ya muntu aliongeza. Lakini Mama Pétronille aliongezaka mu kichwa, mbele hajagusa mashine. Ile hakuna mashine itaona. Mukinunua leo, itapokea ng'ombe zetu za hewa mbio kuliko ile ya zamani." Aliweka kiganja mezani. "Musinunue sasa. Kwanza mwaka moya hesabu ipande kutoka zizi mpaka Lushebere bila muntu kuigusa. Kama inatoka vile ilisemwa, mununue ile munataka, itawasaidia. Na muntu wa kwanza kupita mulango kwa mulango akuwe Déo, juu kwake njo banasema kweli."

Hawakupiga kura. Mama Adelaïde alizungusha macho mezani, kila mmoja akainamisha kichwa kukubali, na jambo likaisha. Habineza alikuwa amekwisha kutoa simu yake.

"Commandant? Habineza. Ule kijana Déo, umuachilie. Gari irudi bure, nitalipia mafuta." Alisikiliza. Sauti ya upande wa pili ilikuwa inacheka, ikiuliza kitu. "Hapana, hatujapata mwizi mwingine... Najua ni maziwa mingi. Haikupotea, Commandant. Haikukuwako." Alisikiliza tena. "Hapana, usimutume na polisi. Ninakuya mi mwenyewe."

Emérita alikwenda naye, kwa sababu alitaka kuona kazi yake imeisha kwa macho. Walimkuta Déo amesimama mlangoni pa kasho na kifurushi chake, mke wake kando, wote wawili hawajui kama waamini. Habineza alishuka garini akiwa na suti yake, akakanyaga matope mpaka vifundoni. Alikuwa ameandaa maneno njiani. Emérita alimsikia akiyajaribu kwa sauti ya chini. Mbele ya kijana yalimpotea yote.

"Déo," alisema. "Ile hesabu ya chanjo. Mi sikukujibu."

"Ndiyo, Papa."

"Kumi na mbili. Niko na ng'ombe kumi na mbili. Hakuna ingine."

Mke wa Déo aliinua macho, kisha akayashusha upesi. Polisi wa zamu alijifanya anatafuta funguo. Déo alimtazama mkurugenzi wake usoni kwa kitambo, jinsi alivyomtazama Mzee Nizeyimana kule juu, bila kucheka na bila kumsukuma.

"Kumi na mbili, Papa," alisema. "Kesho nitazileteya dawa."